Tovuti imezama Google: uiokoe au uanze nyingine?

Asubuhi moja ya Februari baba mdogo alinipigia simu kabla sijanywa chai. Ana kampuni ndogo ya utalii Arusha, Land Cruiser tatu na waongozaji aliokaa nao miaka mingi. "Mwanangu, wageni wameacha kuandika. Wiki ya pili hii, barua pepe kimya." Februari ndipo wageni wa Julai na Agosti wanapouliza bei. Wakinyamaza Februari, magari yanalala uani Julai.

Nilichofanya kwanza ndicho ninachokuomba nawe ufanye kabla hujatamka neno adhabu, yaani Google kuishusha au kuiondoa tovuti iliyovunja kanuni zake: niliangalia kama tovuti imejifungia mlango yenyewe. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ina kisanduku kimoja kinachoziambia injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye orodha zao. Fundi hukitia tiki wakati wa matengenezo, kisha anasahau kukiondoa. Nimekutana na kosa hilo mara nyingi kuliko adhabu zenyewe. Angalia pia kama umedukuliwa. Andika site: pamoja na domeni yako, yaani jina la anwani ya tovuti, ndani ya Google, uone kama zitatokea kurasa za kamari au za vidonge ambazo hukuziandika wewe. Hayo ni maradhi mengine, na dawa yake ni kusafisha.

Kwetu haikuwa hivyo. Nilipoandika jina la kampuni, ilitokea ya kwanza. Nilipotafuta kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, maneno yaliyokuwa yanatuletea wageni, tulikuwa ukurasa wa tano. Nikaingia Google Search Console, chombo ambacho Google humwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake, sehemu ya adhabu zinazowekwa na watu wa Google wenyewe, nikakuta ujumbe: viungo visivyo vya asili vinaelekezwa kwenye tovuti yenu. Kiungo ni maneno kwenye tovuti nyingine ambayo ukiyabonyeza yanakuleta kwako, na Google huvihesabu kama ushahidi kwamba tovuti inaaminika. Baba mdogo alikuwa amelipa mwaka mzima kwa watu waliomwahidi ukurasa wa kwanza. Walichomnunulia ni viungo kwenye tovuti za viatu, za kasino, za mikopo, vyote vikiwa na maneno yaleyale ya Kiingereza kuhusu Kilimanjaro ya bei nafuu.

Hapa ndipo njia zinapoachana, na wengi wanakosea hapa. Ukikuta ujumbe kama ule, una adhabu ya kweli: imewekwa na mtu, imetajwa kwa jina, na ina njia ya kukata rufaa. Usipokuta ujumbe wowote, yaani wageni wameporomoka tu siku chache baada ya Google kubadilisha hesabu zake za kupanga matokeo, huna wa kumwomba msamaha. Mashine imekupima upya. Watu wawili wanaweza kupoteza idadi ileile ya wageni, na uamuzi wa mmoja usimfae kabisa mwenzake.

Mimi nilikuwa tayari kumwambia baba mdogo tununue domeni mpya. Ushauri huo umeenea sana, na una historia. Mwaka 2012 Google ilileta Penguin, mfumo wa kukamata viungo vya kununua, na zamani hizo ulikuwa unasasishwa kwa vipindi. Waliosafisha baada ya sasisho la Oktoba 2014 walisubiri hadi Septemba 2016 ili wapimwe tena. Karibu miaka miwili! Mtu wa biashara angefanya nini zaidi ya kuhama? Lakini tangu hapo mfumo unafanya kazi muda wote, na viungo vibaya vingi unavipuuza tu. Ushauri wa kutupa domeni umebaki, ilhali sababu yake imeondoka.

Kilichoniondoa kwenye wazo hilo nilikiona uani. Nilimkuta baba mdogo anaosha gari, na pale mlangoni, chini ya picha ya twiga, anwani ya tovuti imepakwa rangi herufi kubwa. Imepakwa kwenye magari yote matatu. Ipo kwenye kibao anachoshika dereva akipokea wageni uwanja wa ndege wa KIA, na barua pepe zote za ofisi ni za domeni hiyo. Mawakala wawili wa Ujerumani wameiweka kwenye tovuti zao kwa hiari yao, bila kulipwa. Kila mgeni wa zamani anayemshauri rafiki yake anataja anwani ile. Nikamwambia, "Baba mdogo, hii hatuitupi."

Kwa hiyo swali ninalouliza siku hizi si wageni wangapi wamepotea. Nauliza: Google ikizimwa leo, nani bado angeitafuta tovuti hii kwa jina lake? Wakiwapo watu hao, iokoe. Wasipokuwapo, hakuna cha kuokoa zaidi ya mazoea.

Kazi ya kuokoa inachosha. Tulipakua orodha yote ya viungo, tukavipitia kimoja kimoja kwa jioni kadhaa. Tuliwaandikia wenye tovuti tukiwaomba waviondoe. Wachache walikubali, wengine walidai walipwe, nasi hatukulipa hata senti. Vilivyobaki tukaviweka kwenye faili la maandishi la kuvikataa, yaani la kuiomba Google isivihesabu, kila mstari ukianza na domain: kisha jina la tovuti, tukalipeleka Google. Rufaa yetu ya kwanza ilikataliwa. Nimeisoma tena baadaye na nimeelewa sababu: tuliandika kama watu walioonewa, tukaeleza kazi nusunusu. Ya pili tulisema wazi kwamba tulilipa viungo, tangu lini, nani aliviweka, tumeondoa vipi na vipi vimeshindikana, tukaambatisha orodha nzima. Hiyo ikapita.

Lakini adhabu kuondolewa hakukuturudisha tulipokuwa. Nafasi ya juu tuliyokuwa nayo ilisimama juu ya vile viungo vya kununua, na vilipoondoka, tuliteremka hadi pale tulipostahili. Mwaka ule tulipata kama nusu ya wageni wa zamani. Mwambie mwenye tovuti jambo hili kabla hamjaanza, asije akadhani umemdanganya. Mwaka 2013 Rap Genius, tovuti ya mashairi ya nyimbo ya Marekani, iliadhibiwa siku ya Krismasi, na ikarudi baada ya siku kumi hivi. Wengi huutaja mfano huo wakitaka matumaini, ila Rap Genius ilikuwa na viungo vya kweli visivyohesabika. Kampuni ya Land Cruiser tatu haina akiba hiyo.

Tovuti yangu mwenyewe niliipeleka njia nyingine. Nilikuwa nayo ya ufugaji wa kuku, na ndani yake mamia ya makala zilizotafsiriwa na mashine, zikapachikwa bila kusomwa vizuri. Machi 2024 Google ilianza sasisho lililokwenda hadi Aprili 19, likaja pamoja na sheria mpya dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila faida kwa msomaji. Wageni wakaisha. Nikaingia Search Console: hakuna ujumbe.

Nikanunua domeni nyingine, nikahamisha kila kitu kwa 301, yaani anwani ya zamani inampeleka msomaji kwenye mpya moja kwa moja. Wiki kadhaa baadaye domeni mpya nayo ikalala. Google hufuata uhamisho wa aina hiyo na kubeba sifa zote za kule ulikotoka, nzuri na mbaya, na hata bila uhamisho huo makala zilikuwa zilezile. Iliniuma, maana nilikuwa nimelipa fedha ili nibebe takataka zangu kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Mara ya pili nilikata ule uhamisho, nikafuta karibu zote. Nilibakiza 19, zile nilizoandika kutokana na banda langu. Mojawapo inaeleza chanjo ya I-2 ya mdondo, ugonjwa unaoua kuku: tone moja jichoni, kurudia kila baada ya miezi mitatu, na namna ya kumshika kuku ili asitikise kichwa tone likaanguka chini. Nyingine nimeziandika upya taratibu, mbili kwa mwezi. Ilichukua miezi mingi kabla wageni hawajaanza kurudi, na bado ni wachache kuliko zamani. Ila sasa wanauliza maswali.

Ukiamua kuanza upya kwa domeni iliyowahi kutumiwa na mtu mwingine, itazame kwanza ndani ya Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, ujue ilikuwa inauza nini, kwa sababu adhabu inaweza kubaki na jina hata mwenye nalo akibadilika. Na ile ya zamani usiiache ikaisha muda. Atakayeinunua anaweza kupokea barua pepe zako, zikiwemo zile za kubadilisha nenosiri la akaunti zako nyingine. Yangu naendelea kuilipia kila mwaka. Ina ukurasa mmoja tu, unaomweleza mfugaji tovuti mpya iko wapi.