Ni Agustín Barrios wa Paraguay

Umeuliza ni mpiga gitaa gani wa klasiki aliyetangulia kurekodi na huku akitunga kwa mahadhi ya kwao. Mimi nitamtaja Agustín Barrios, aliyezaliwa Paraguay mwaka 1885. Alianza kurekodi santuri mapema katika miaka ya 1910, miongoni mwa wa kwanza kabisa duniani kwa gitaa la aina hiyo.

Alitumia nyuzi za chuma wakati wenzake wengi walishikilia za utumbo wa wanyama, na kwa hilo alidharauliwa sana. Kwangu huo ulikuwa uonevu mtupu, maana sikiliza "Danza Paraguaya" uone ngoma ya kwao inavyotembea ndani ya vidole vyake! Halafu nenda kwenye "La Catedral" ya 1921, humo utamsikia Bach, yule mtunzi wa kale wa Ujerumani.

Miaka ya 1930 alipanda jukwaani akiwa na manyoya kichwani, akijiita Nitsuga Mangoré. Mangoré ni jina la chifu wa Waguarani, wenyeji asilia wa eneo hilo, na Nitsuga ni Agustín lililosomwa kinyumenyume.

Miaka ya mwisho alifundisha San Salvador, mji mkuu wa El Salvador, akafariki huko mwaka 1944. Kazi yake ya mwisho ina mlio mdogo kama wa kugonga mlango, unaojirudia kwenye besi. Husimuliwa kwamba unamwiga mwombaji aliyebisha hodi mlangoni kwake.

Alisahaulika mno hadi mpiga gitaa John Williams aliporekodi albamu nzima ya tungo zake katika miaka ya 1970. Leo sura yake imo kwenye noti ya Paraguay ya guarani 50,000. Anza na "La Catedral", ndugu yangu.