Kijembe kwa mshindani bila kumtaja jina

Dada yangu, umesema unauza unga wa sembe na jirani yako mwenye nembo ya simba anakufunika, sasa unataka tangazo la kumchoma bila kumtaja. Inawezekana kabisa, tena sisi wa pwani tumezaliwa nayo, si unajua mtu anavaa kanga anapita tu mlangoni kwa mwenzie na ujumbe ushafika, hajatamka neno!

Angalia Apple, wale wa kompyuta, walivyofanya kwenye tangazo lao la TV la Januari 1984. Watu wamekaa safu safu wamepauka, wanasikiliza uso mkubwa kwenye skrini, mara anatokea dada anakimbia na nyundo anairusha skrini inapasuka. IBM, kampuni kubwa ya kompyuta iliyokuwa mshindani wao, haijatajwa popote, hata kompyuta ya Apple yenyewe hawakuionyesha, lakini kila mtu alielewa nani ndo mkubwa anayepigwa. Fumbo lile lilishika kwa sababu mtazamaji alijifumbulia mwenyewe.

Ila usimchore simba amelala hoi, hapo umeshamtangazia biashara yake bure na akikupeleka kwa wanasheria utajuta. Mi ningechukua mwiko, mwiko uliosimama wima katikati ya ugali, maneno machache tu, "huu hausinzii". Mama yeyote anayesonga ataelewa unga mwingine unalegea. Na kwanza hakikisha wako kweli unashika! Halafu waonyeshe kina mama watano sita pale sokoni bila kuwaeleza chochote, wakikuuliza maana yake nini, badilisha picha.