Kabla hujatangaza mabadiliko, jua watu wanamuuliza nani

Kazi yangu ni ya katikati. Idara hii inataka hiki, ile inataka kile, mbia wa nje ana taratibu zake, mfadhili naye ana fomu zake, na mimi sina mamlaka juu ya yeyote kati yao. Siwezi kumpa mtu barua ya onyo wala kumpandisha cheo. Ninachoweza ni kuomba, kufuatilia na kukumbusha. Wengi siku hizi wako kwenye hali hiyohiyo, maana kazi haishuki tena kwa ngazi moja kutoka kwa mkurugenzi hadi kwa karani. Inapita kwenye timu za muda, kwa washauri, kwa wenzako wa miji mingine mnaoonana kwenye skrini tu. Ninayosema hapa ni kwa yule anayetakiwa kuleta mabadiliko kwa watu asioweza kuwaamuru.

Kabla hujatangaza lolote, chunguza kwanza: watu wakikwama wanamuuliza nani?

Kuna mahali tulikuwa tunahamisha maombi ya malipo kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Waraka ulitoka ukiwa na saini ya mkubwa kabisa. Mafunzo yakafanyika, watu wakasaini mahudhurio, wakanywa chai, wakarudi kazini. Karatasi zikaendelea kuja vilevile. Wala haukuwa ukaidi. Mtu akitaka kulipia kitu alikuwa anampigia karani mmoja wa uhasibu, "Dada, nijaze ipi?" Naye alijibu kwa nia njema kabisa: leta karatasi, itapita haraka. Na kweli ilikuwa inapita haraka. Simu ya dakika moja ilikuwa na nguvu kuliko waraka.

Nikaenda kukaa naye mezani kwake, nikamwomba ajaze ombi moja kwenye mfumo huku natazama. Mfumo ulidai namba ya mzabuni kabla fomu haijafunguka. Kwa utaratibu wa pale, mzabuni mpya hapewi namba mpaka ombi lake la kwanza liidhinishwe. Huwezi kupata namba bila ombi, huwezi kuweka ombi bila namba. Yeye alilijua hilo tangu siku ya mafunzo, ila hakuna aliyemuuliza. Waliobuni mfumo walikaa na wakuu wa idara, na wakuu wa idara hawajazi fomu. Sehemu hiyo iliporekebishwa, karani yuleyule ndiye aliyeanza kuwaambia watu, "Karatasi basi, ingia kwenye mfumo, nitakuelekeza."

Tangu hapo kila kazi mpya naianza na maswali mawili, nikimuuliza mtu mmoja mmoja, si kikaoni: ukikwama unamtafuta nani, na nani asipokuwepo kazi yako inasimama? Majibu nayachora kwa mishale kwenye karatasi. Mishale mingi huangukia watu wenye vyeo vidogo: mtunza kumbukumbu, fundi wa kompyuta, katibu muhtasi, msaidizi wa mradi aliyekaa miaka mingi. Karatasi hiyo kaa nayo mwenyewe. Watu wakisikia itatumika kwenye tathmini ya wafanyakazi, kesho wote watakwambia wakikwama wanamuuliza bosi.

Ukishawajua watu hao, bado kuna namna ya kuwatumia, na hapa ndipo taasisi nyingi zinapokosea. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba watu wengi hupata habari za kazi kupitia watu wanaofahamiana nao kwa mbali kuliko marafiki wa karibu. Rafiki zako wanajua unachokijua. Yule unayekutana naye mara mojamoja anatoka kwenye duara jingine. Kwa habari, hilo ni kweli na lina faida. Lakini kubadili namna ya kufanya kazi si habari. Mwaka 2010 mwanasosholojia mwingine, Damon Centola, alichapisha jaribio alilofanya kwenye mtandao wa intaneti, akaona kwamba tabia mpya ilienea mbali zaidi na haraka zaidi pale watu walipokuwa kwenye vikundi vilivyoshikamana kuliko pale walipounganishwa ovyoovyo. Mtu akisikia jambo kwa mmoja anasema sawa, nimesikia. Akiona watatu anaowaamini wanalifanya, analijaribu.

Ndiyo maana siupendi ule mtindo wa kuteua "balozi wa mabadiliko" mmoja kila idara. Kwenye ripoti unapendeza, maana kila idara imewakilishwa. Kazini, kila balozi yuko peke yake katikati ya wenzake wanaomwona msumbufu, na baada ya muda anarudi kufanya kama wao ili aishi kwa amani. Mimi naanza na watatu au wanne wanaofanya kazi pamoja kila siku, kisha idara inayopokea kazi yao, kisha inayofuata. Mwanzoni wakubwa watalalamika kwamba idara nyingine zimesahauliwa. Waambie zamu yao inakuja.

Suala la ukubwa wa kundi nalipitia haraka kwa sababu hesabu yenyewe inatosha. Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, watu 12 wana 66, watu 30 wana 435. Ukiongeza watu kwenye kundi la WhatsApp ili "wote wawe na taarifa", umeongeza njia za kutoelewana. Buurtzorg, taasisi ya wauguzi wa majumbani iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2006, ina maelfu ya wauguzi, lakini timu zake hazizidi watu 12 au karibu na hapo, nazo hujipangia kazi zenyewe bila meneja. Kuna wakufunzi wa kuzisaidia, wasio na mamlaka ya kuziamuru. Si kila kazi itaweza hivyo. Kundi la kazi lenye watu 40, hata hivyo, sijawahi kuliona likiamua kitu.

Na kuamua ndiko kunakotesa zaidi kwenye kazi hizi za watu wengi wasio na bosi mmoja. Kila mtu ana maoni, hakuna mwenye rungu, kikao kinazaa kikao. Watu wa IETF, jumuiya inayotunga viwango vya kiufundi vya intaneti, hawapigi kura. Kwa desturi yao, mwenyekiti akitaka kujua ukumbi umeegemea wapi, anaweza kuwaomba watu wavume huku midomo imefumbwa, jambo linalochekesha ukilisikia mara ya kwanza. Ila uvumaji huo hauamui chochote. Kinachoangaliwa ni kama kila pingamizi la maana limeshughulikiwa, hata kama mwenye nalo hakuridhika. Kuvuma sijathubutu. Swali lao nimelichukua. Badala ya "tumekubaliana?", ambapo wote huitikia ndiyo kisha wakaendelea na yao, nauliza: "Kuna pingamizi gani hatujalijibu?" Kisha naliacha swali hewani mpaka mtu aseme, hata ukimya ukianza kuudhi. Jibu linaandikwa, na chini yake jina moja la mwenye uamuzi huo. Nasema moja kwa sababu ukiandika kamati, hakuna wa kumpigia simu.

Mkubwa naye ana sehemu yake, na si hotuba. Aache kutumia njia ya zamani yeye mwenyewe. Akipokea karatasi moja tu ya rafiki yake kwa sababu "ni ya haraka", jioni jengo zima litajua kwamba karatasi bado zinapokelewa.

Mwisho, yule mtu wa mishale mingi anachoka. Kila anayekwama anamfuata, na msaada anaoutoa haumo kwenye maelezo ya kazi yake, kwa hiyo siku ya tathmini anaonekana mzito kwenye majukumu yake mwenyewe. Zungumza na msimamizi wake mapema, apunguziwe kitu kingine kwa maandishi, na awepo mtu wa pili anayekaa naye akijifunza. Likizo yake ya kwanza ndiyo itakayoonyesha kama huyo wa pili ameshika kazi. Asiguswe kwa simu wakati huo, hata malipo yakichelewa siku mbili.