Mkutano wa wazazi uwekwe siku za maji mafu

Swali la wiki hii: mzazi anapata wapi msaada katika skuli ya mwanawe? Mimi ni mkulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja, na jibu langu ni kwamba msaada umo kwa wazazi wenzetu wa darasa lile lile. Skuli ina uwezo wa kutukutanisha, ila saa ndiyo inayotutenga.

Elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bure Septemba 1964, kwa hiyo sisemi habari ya ada. Nasema habari ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana. Mwani ulianza kulimwa kibiashara huku kwetu mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kuanzia asubuhi hadi karibu na adhuhuri, na hapo ndipo tunapofunga mbegu na kuvuna. Barua ya skuli inakuja: mkutano saa nne asubuhi. Mama yumo baharini, baba yuko dago, kambi ya wavuvi. Jioni tunasikia kwamba wazazi wa huku hawajali watoto wao. Maneno hayo yananiuma sana, kwani mwani huo huo ndio unaonunua sare na madaftari.

Maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, huja mara mbili kila mwezi, karibu na siku ya saba na karibu na siku ya ishirini na mbili tangu mwezi kuandama, na kila nyumba hapa inajua leo ni mwezi ngapi. Siku hizo tupo nyumbani. Mwalimu mmoja wa darasa la tano alilielewa hilo, akatuita baada ya sala ya alasiri, sisi mama wa wanafunzi wake tu.

Mama mmoja akasema mwanawe akirudi na hesabu za Kiingereza, yeye hawezi hata kumsomea swali. Sera ya Elimu ya 2006 iliweka hisabati na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wengi wetu tulisoma kwa Kiswahili. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa akilificha jambo hilo nyumbani kwake! Tukakubaliana binti wa mmoja wetu, aliye kidato cha nne, awe anakaa na watoto barazani baada ya chuo cha Kurani, nasi tumchangie kidogo. Mwengine akaeleza kuwa mwanawe huitwa mara tatu ndipo aitike. Mwalimu akamhamishia dawati la mbele siku ya pili yake na akamshauri mama ampeleke hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini, akapimwe masikio. Mtoto yule alikuwa akiitwa mvivu.

Kamati ya skuli ina kazi yake, ya madawati na vyoo, na naiheshimu. Lakini mambo kama haya hayasemeki mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, na kaumu ya watu mia.

Mama ambaye skuli ya mwanawe haijaweka utaratibu huu asingoje barua. Mtafuteni mwalimu wa darasa siku ya maji mafu, mkiwa wawili au watatu wenye watoto wa darasa hilo, mumuombe nusu saa baada ya vipindi. Atakayekwenda peke yake huenda akajibiwa habari za mwanawe tu.