Nyumba ya Wazee Hupimwa Saa Tisa Usiku

Ukikabidhiwa nyumba ya wazee hapa Nairobi, siku ya kwanza utatembezwa. Utaonyeshwa jikoni, sebule yenye runinga, bustani, na faili nene ya vibali. Ukimaliza kusifia maua, omba daftari la usiku. Lisome ukiwa peke yako.

Mimi sikuliomba. Nilitoka kwenye hoteli, ambako kwa miaka sita nilisimamia vyumba na watandikaji, na niliamini kwamba mtu anayeweza kuendesha vitanda themanini vya wageni hawezi kushindwa na vitanda ishirini na vinne vya wazee. Miezi miwili nilishughulika na rangi ya ukuta, mapazia na menyu. Mwezi wa tatu nikaamua kuja usiku bila kumwambia mtu. Nilifika saa tisa, mvua ikinyesha, soja wa lango akanitazama kama mzuka. Mhudumu nilimkuta bafuni akifua shuka. Daftari lilikuwa mezani, limeshajazwa mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kila mstari: “Amelala vizuri.” Kalamu moja, mwandiko mmoja, kurasa mbili.

Nikamuuliza, “Dada, saa kumi na moja imeshapita?”

“Samahani, madam,” akasema, mikono ingali na povu.

Kesho yake nilimwandikia barua ya onyo. Usiku uliofuata, kwa hasira zaidi kuliko hekima, niliamua kukesha naye ili nione uvivu unavyofanya kazi. Nikaona kitu kingine. Kati ya wale ishirini na wanne, tisa hawakuweza kujigeuza kitandani. Mzee wa namna hiyo hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huanza kubadilika rangi, kisha huchubuka, na kidonda cha kulalia kikishafunguka unaweza kukiuguza miezi. Kumgeuza bila kumburuta kunahitaji watu wawili. Ukiongeza kubadilisha diapa, kumpangusa na kumpa maji, mmoja anachukua dakika kumi. Tisa mara kumi ni saa moja na nusu. Inabaki nusu saa kwa wale kumi na watano wengine: anayetaka choo, anayelia, anayetafuta mlango wa kwenda Nyeri. Kisha mzunguko unaanza upya. Hiyo ni kama wahudumu wote wawili wamefika. Usiku ule niliomkuta akifua shuka alikuwa peke yake, mwenzake amekwama Githurai kwa mafuriko.

Daftari lilidanganya kwa sababu ratiba yangu ilikuwa imetangulia kudanganya. Barua niliitoa kwenye faili na nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Hotelini nisingethubutu.

Kwa hiyo la kwanza ninalomwambia meneja mgeni ni hili: usipange watu kwa idadi ya vitanda. Panga kwa mzigo. Chukua karatasi, andika kila mzee anahitaji nini kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi, weka dakika, jumlisha. Ukiona jumla inazidi saa za watu ulio nao, basi kuna kazi haifanyiki, na hutaambiwa ni ipi. Sisi tulipata mhudumu wa tatu wa usiku kwa kuachana na kampuni iliyokuwa ikikata nyasi na kupanga maua. Bustani ikawa ya kawaida. Wageni wawili watatu wakalalamika.

La pili linafuatana nalo. Nilikuwa na tabia ya kukata mshahara kwa kikombe kilichovunjika, kipimajoto kilichopotea, shuka iliyoungua kwa pasi. Niliona ni nidhamu. Matokeo yake hakuna aliyekuja kuniambia kwamba kamsahau mtu dawa ya presha, au kampa mara mbili. Kama kikombe kina adhabu, kidonge kitakuwa na nini? Tulipoacha makato hayo, mwezi wa kwanza ripoti za makosa ziliongezeka, na mwenyekiti wa bodi akadhani nyumba inaharibika. Nilimwambia makosa ni yale yale, tofauti ni kwamba sasa tunayajua. Ripoti ikiletwa kwako, swali la kwanza liwe “mzee yuko vipi?” na la pili “nini kilikuzuia?” Jina la mtu lingoje.

Sasa nauli. Utasoma vitabu vya uongozi vinavyozungumzia maono ya taasisi, lakini Nairobi zamu huharibiwa na matatu. Tulikuwa tukibadilishana saa mbili usiku. Mhudumu anatoka saa mbili na robo, anatembea hadi stendi, mvua ikinyesha nauli imepanda mara mbili, anafika kwake saa nne na kesho anatakiwa saa kumi na mbili. Tulisogeza zamu ikawa saa kumi na mbili na nusu jioni, na tukaongeza pesa za nauli ya usiku zinazotumwa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, bila kungoja mwisho wa mwezi. Utoro ulipungua kuliko ulivyowahi kupungua kwa onyo lolote. Likizo pia ipe heshima yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Anayezinunua kwa vijisenti anamchosha mtu atakayemshika mama wa miaka tisini bafuni kwenye sakafu yenye maji.

Tena weka magodoro matatu ya wafanyakazi stoo. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi walifunga barabara za kuingia mjini tangu alfajiri. Zamu ya asubuhi haikufika. Waliokesha walibaki mpaka jioni, na kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa tumejifunza mwaka uliotangulia, wakati wa maandamano ya Juni 2024, kuwa na magodoro, nguo za kubadilisha, chakula cha ziada, na mhudumu mmoja au wawili wanaoishi umbali wa kutembea kwa miguu. Hili la mwisho liangalie unapoajiri. Cheti ni kizuri, lakini mtu anayeishi mtaa wa pili ana cheti chake pia. Maji ni hivyo hivyo: tangi lako lihesabu siku za mgao, na namba ya lori la maji iwe ukutani, si kwenye simu yako iliyozimika.

Familia zitakuchosha kuliko wazee. Mzee mmoja anaweza kuja na watoto watano: mmoja mtaa wa Umoja, ambaye ndiye aliyemuuguza miaka minne hadi mgongo ukamwuma, mmoja Dallas, anayelipa, na watatu wenye maoni. Kabla hujapokea begi, pata maandishi ya mtu mmoja atakayepigiwa simu, mtu mmoja atakayelipa, na nani ataamua usiku kama mzee apelekwe hospitali. Wanaweza kuwa watu tofauti, mradi wawe wametajwa. Yule wa Dallas atapiga simu ya video kwako saa tisa usiku, maana kwake ni jioni na ndiyo kwanza ametoka kazini. Usimkasirikie. Panga naye siku na saa, kisha umwambie mhudumu wa usiku kwamba haruhusiwi kumwamsha mama ili aonekane kwenye simu. Mwanzoni nilikuwa nikiruhusu, kwa kuogopa mlipaji.

Na usimwaibishe aliyemleta mzazi wake. Kwetu bado watu husema ni kumtupa. Hujui amelala mara ngapi sakafuni kando ya kitanda cha baba yake.

Karatasi za hospitali zikague mchana. Bima ya afya ya serikali, NHIF, iliondoka na mpya, SHA, ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024, siku ambayo, kwa bahati, dunia huadhimisha Siku ya Wazee. Hakikisha kila mzee amesajiliwa, na hasa angalia ni simu ya nani iliyotumika. Wengi walisajiliwa na mtoto kwa *147# na namba ni ya mtoto, aliyezima simu akalala. Vidole vya wazee navyo, hasa walioshika jembe maisha yote, alama zake zimefifia na mashine huzikataa. Hilo usiligundue mbele ya dirisha la mapokezi na mgonjwa yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Kama wewe si mtu wa tiba, kama mimi, muuguzi wako akufundishe mambo machache. Mzee aliyekuwa sawa jana na leo anachanganyikiwa ghafla si kwamba “uzee umezidi”. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, ukosefu wa maji mwilini, au dawa mpya. Mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huzidi kuhangaika jua linapozama. Na dawa za usingizi humwongezea mzee hatari ya kuanguka. Hayo matatu tu yatabadilisha maswali unayouliza ukisoma daftari asubuhi.

Wafadhili nao wana msimu wao. Desemba makanisa, vyama na makampuni yatajaza stoo unga na sukari, na sukari wakati nusu ya wazee wako wana kisukari. Machi hutaona mtu. Jifunze kusema, “Asanteni sana, mnaweza kutuletea diapa mwezi wa tatu?” Nusu watacheka, nusu watarudi. Picha zidhibiti. Mama aliyevaa kanga iliyoteleza si tangazo la mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu yeye kama inavyokuhusu wewe. Kifungu cha 57 cha Katiba kinataja haki ya wazee kuishi kwa heshima, na heshima huanzia hapo kwenye kamera.

Ukipata nafasi, omba kutembelea nyumba za wengine kabla hujabadilisha chochote. Mji wa Huruma kule Runda ni ya kaunti, Nyumba ya Wazee ya Kasarani iko mikononi mwa masista, ya Thogoto ina mizizi ya kanisa la PCEA. Pesa zao zinatoka njia tofauti, kwa hiyo usinakili. Tazama jinsi wazee wanavyoitwa. Vijana wetu huita kila mtu shosho, cucu au guka, yaani bibi au babu, na wengi wa wazee hufurahi. Wengine hukunja uso, hasa mwalimu mstaafu au mtu wa Pwani anayekaa akijiuliza cucu ni nani. Uliza, uandike mlangoni.

Mzee akifariki usimtoe kwa mlango wa jikoni. Tulifanya hivyo tukidhani tunawaficha wenzake majonzi, na asubuhi wakakaa mezani wakitazama kiti kitupu, hakuna aliyegusa uji. Siku hizi tunawaambia. Anayetaka kuomba anaomba, anayetaka kumsindikiza hadi kwenye gari anasindikizwa.

Nimalize na mzee wetu wa reli. Alifanya kazi za usiku miaka mingi, na alikuja kwetu akiwa anasahau majina ya wanawe lakini hajasahau zamu. Saa tisa usiku aliamka, akavaa koti, akataka kutoka. Tulifunga mlango wake kwa nje. Akapanda dirisha, akaanguka, akateguka kifundo cha mkono. Mwanawe akataka apewe dawa ya usingizi, na mimi, nakiri, nilikubali kwa haraka. Daktari ndiye aliyekataa.

Aliyepata ufumbuzi ni yule dada wa “Amelala vizuri”. Aliniuliza, kwa kuwa sasa walikuwa watatu usiku, je, mmoja hawezi kumsindikiza? Tukamnunulia mzee tochi. Soja wa lango akaambiwa amsalimie kama mkubwa wake. Siku hizi nikifika asubuhi, kabla ya chai, nafungua daftari na kutafuta mistari yake. Wa jana uliandikwa hivi, wino umesambaa kidogo kwa umande:

“9:10. Mzee ameamka, amevaa koti. Tumetembea hadi lango, amekagua kufuli. Amemwambia soja njia iko salama. Chai nusu kikombe. Diapa kavu. 9:50 amerudi kitandani. Tochi bado anayo.”