Uti Si Fimbo: Kwa Wewe Unayeanza Kuchora Vielelezo

Mchoro wangu wa kwanza wa kulipwa ulikuwa wa mifupa ya binadamu, ametazamwa kwa upande, kwa ajili ya kitabu cha sayansi. Fuvu lilikaa vizuri, mbavu nilizihesabu mara mbili, na katikati nikasimamisha uti wa mgongo ulionyooka kama rula. Mhariri aliurudisha ukiwa na alama moja tu ya penseli nyekundu: herufi S kubwa, imelazwa juu ya uti wangu. Hakuandika neno. Nilinuna siku mbili, ya tatu nikafuta.

Tangu hapo nimechora miili, wanyama, ramani, vyombo vya baharini na majalada, na kosa ninaloliona kwa wanaoingia katika kazi hii ni lile lile langu. Mtu akisikia "uti wa mgongo" anawaza fimbo. Kitu kigumu, kimenyooka, kimeshikilia vingine. Ukianza na wazo hilo, karibu kila utakachochora kitakuwa kimekufa.

Anza na mwili wako, maana ni kielelezo cha bure. Inamisha kichwa, kisha papasa nyuma ya shingo pale inapokutana na mabega. Kuna kinundu kilichojitokeza kuliko vingine. Kwa watu wengi hiyo ni pingili ya 7, ya mwisho ya shingo. Chini yake zipo 12 za kifua, zile zilizoshikwa na mbavu, halafu 5 za kiuno. Hizo ndizo pingili 24 zinazojongea. Zilizobaki huko chini zimeungana, hadi kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, na visahani hivyo hubonyea kutwa nzima kwa uzito wako, ndiyo maana jioni unakuwa mfupi kidogo kuliko ulivyoamka. Fimbo haifanyi hivyo.

Mtoto mchanga huzaliwa na mgongo wa upinde mmoja. Mkunjo wa shingo unajijenga anapoanza kuinua kichwa, na wa kiuno unakuja anapojifunza kusimama na kutembea. Kwa hiyo ukimpa kichanga mgongo wa mtu mzima, hata msomaji asiyejua lolote kuhusu mifupa atahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa hataweza kukuambia ni nini.

Sasa chora mtu aliyebeba sanduku zito kwa mkono wa kulia. Wanaoanza huchora mtu wima, kisha wanamning'inizia sanduku. Mtazame mtu halisi: kiwiliwili kimeegemea kushoto kukwepa uzito, mkono wa kushoto umetanuka kutafuta mizani, na kichwa kimejirudisha kiwe wima ili macho yaone njia. Yote hayo ni mstari mmoja uliopinda mara mbili. Uchore mstari huo kwanza, kwa mkono mwepesi, bila mikono wala miguu. Ukiuona na tayari unahisi uzito wa sanduku ambalo hujalichora, endelea. Usipouhisi, futa. Vidole na vifungo vya shati havitakuokoa.

Wanyama ndio watakaokuumbua haraka zaidi. Samaki hupinda mgongo kushoto na kulia, na kwa hiyo pezi la mkia wake limesimama wima. Pomboo ni mnyama anayenyonyesha. Mgongo wake hupinda juu na chini, na mkia wake umelala. Nimewahi kukabidhiwa nirekebishe picha nzuri kabisa ya pomboo mwenye mkia wa papa, rangi zimepakwa kwa wiki nzima. Hakukuwa na cha kurekebisha, ilibidi kuanza upya. Twiga naye, na urefu wote ule, ana pingili 7 za shingo kama wewe, ila kila moja ni ndefu, basi usiizungushe shingo yake kama nyoka. Kobe wa katuni anayevua gamba kama koti ni uongo ambao nimeuzoea, lakini ujue unachofanya: uti na mbavu za kobe zimeungana na gamba lenyewe. Akilivua, anaacha mgongo wake humo ndani.

Kwenye ramani nilipata aibu ya pili. Nilipewa nchi yenye safu ndefu ya milima, mwandishi ameiita "uti wa mgongo wa nchi", nami nikaipanga milima kama meno ya msumeno, kisha nikapitisha mto mmoja juu yake kwa sababu ukurasa ulikuwa mtupu upande ule. Mkaguzi aliandika pembeni: "Maji haya yanapanda mlima?" Safu ya milima kwenye ramani si pambo. Mara nyingi ndiyo inayoamua kila tone la mvua litakwenda upande gani. Chukua milima ya Andes ya Amerika Kusini, yenye urefu wa kilomita zipatazo 7,000. Vyanzo vya mbali kabisa vya Amazon viko huko Peru, chini ya kilomita 200 kutoka Pasifiki, lakini maji yake yanageuka na kuvuka bara zima hadi Atlantiki. Kilichoyageuza ni mgongo wa ardhi.

Ila usiigeuze kuwa sheria ya chuma. Mto Indus na mto Brahmaputra vyote vinaanzia nyuma ya milima ya Himalaya huko Asia, na bado vinakata safu hiyo na kutokea upande wa pili. Wanajiolojia hueleza kwamba mito hiyo ilikuwapo kabla milima haijainuka, ikawa inachimba kadiri ardhi inavyopanda. Na kuna waliogombana kwa kudhani uti ni mstari mmoja tu. Mkataba wa mwaka 1881 kati ya Argentina na Chile ulisema mpaka ufuate vilele virefu vya Andes vinavyogawa maji. Maneno mazuri mezani. Kule kusini, Patagonia, vilele virefu viko mahali pake na mgawanyo wa maji uko mahali pengine, mashariki zaidi, na kila upande ukashika tafsiri iliyoupa ardhi nyingi. Shauri liliamuliwa mwaka 1902 na mfalme wa Uingereza, Edward VII, aliyechora mstari wa katikati. Basi kabla hujachora uti wa nchi, muulize mwandishi anakusudia upi: wa urefu au wa maji?

Uti mkubwa kuliko yote duniani uko karibu wote chini ya maji, na aliyetuonyesha umbo lake alikuwa mtu wa penseli kama sisi. Marie Tharp, mchora ramani wa Marekani, alianza miaka ya 1950 kuichora sakafu ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina vilivyoletwa na meli, meli ambazo yeye, kwa kuwa mwanamke, hakuruhusiwa kuzipanda. Katikati ya safu ya milima ya chini ya bahari akaona bonde, mstari baada ya mstari, mahali pale pale. Mwenzake Bruce Heezen alilipuuza jambo hilo mwanzoni. Leo tunajua kwamba safu hiyo na wenzake zinazunguka dunia kwa kilomita zipatazo 65,000, na kwamba lile bonde ni ufa: hapo mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya miamba yanayobeba mabara na bahari, yanaachana na sakafu mpya inazaliwa. Penseli yako ikikuonyesha kitu mara sita mahali pamoja, usikifute kwa sababu mkubwa amekunja uso.

Katika sanaa ya rangi nitakupa picha mbili tu, uzitazame polepole. Ya kwanza ni ya Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, ya mwaka 1944, iitwayo Nguzo Iliyovunjika. Alikuwa ameumia vibaya katika ajali ya basi mwaka 1925, akiwa na miaka 18. Kwenye picha hiyo kifua kimepasuka, na mahali pa uti amesimamisha nguzo ya jiwe ya mtindo wa Kigiriki, imekatikakatika, mwili umefungwa mikanda ya chuma na kuchomwa misumari. Ona alivyofanya: alipotaka kuonyesha mgongo unaouma, alichora kitu kilichonyooka. Ona na ardhi iliyo nyuma yake, nayo ina nyufa. Mwili na nchi vimepasuka kwa mkono mmoja.

Ya pili ni mwanamke aliyelala wa Ingres, mchoraji wa Ufaransa, wa mwaka 1814. Wakosoaji walilalamika kwamba amemwongezea pingili tatu. Walikuwa sahihi, mgongo ule ni mrefu mno. Nami bado naupenda, kwa sababu mkunjo wake unabeba picha yote kutoka shingoni hadi nyongani bila kukwama. Ingres aliujua mgongo wa kweli kwanza, ndipo akaurefusha. Wewe bado.

Neno kidogo kuhusu maneno, kwa sababu utachora kutokana na maandishi ya watu. Niliwahi kupewa hadithi iliyotafsiriwa yenye "bwana asiye na uti wa mgongo". Nikachora mtu aliyelegea kama mlenda kwenye kiti. Kumbe mwandishi alitaka kusema mwoga. Kwetu ujasiri unakaa moyoni, mtu hupiga moyo konde. Asiye na msimamo ni bendera inayofuata upepo. Na ukipewa makala ambayo kila kitu ndani yake ni uti wa mgongo wa kitu kingine, usijaribu kuvichora vyote. Utapata mdudu asiyejulikana.

Vitu vya kila siku vitakufundisha upesi zaidi. Chombo cha baharini kichore kuanzia mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, kisha mataruma, yaani mbavu zake, mbao mwisho; ukianza na mbao utapata beseni lenye tanga. Kitabu kilicho wazi kichore kuanzia mgongo wake. Kilichoshonwa kwa mafungu kinalala bapa bila ubishi, ila kile kilichojazwa gundi ngumu husimama nusu nusu, na ukikilazimisha kinapasuka hapo hapo mgongoni. Weka viwili mbele yako mezani uone tofauti ya kivuli.

Kazi ya wiki hii: paka aliyelala kajikunja. Anzia kwenye kinundu cha shingo, zunguka na mgongo mpaka ncha ya mkia kwa mstari mmoja usioinua penseli. Masikio yaache. Ukimaliza mstari wa ishirini utajua wapi yanakaa.