Maswali ya Wasomaji: Kitulo hadi Matema kwa Miguu

SWALI: Nataka kutembea milimani siku tatu au nne, mahali pa utulivu pasipo na makundi. Kila ninayemuuliza ananitajia Kilimanjaro, na mfuko wangu hauruhusu. Huku Nyanda za Juu Kusini kuna njia gani? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu yetu, huku ndiko kwenyewe. Toka Mbeya kwa basi hadi Chimala, kisha panda Matamba kwa barabara ile ya kona 57. Hapo unaingia uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwisho unateremka Milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kuna kiingilio na ada ya kulala, kwa hiyo anzia ofisi ya hifadhi uulize viwango na masharti. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Usiku mwingine lala vijijini. Ripoti kwa mtendaji au mwenyekiti jua likiwa bado juu, umweleze unatoka wapi na unakwenda wapi. Utaonyeshwa pa kulala na njia ya kesho yake. Ukijificha porini utazua hofu, na utulivu ulioufuata utaukosa.

Watu wengi huja wakati wa maua, Novemba hadi Aprili. Kwa unachokitafuta wewe, Juni hadi Agosti ni bora: njia kavu na watu wachache. Gharama yake ni baridi, maana usiku barafu huganda kwenye majani. Baridi kali hupanda kutoka ardhini, basi blanketi la pili litandike chini badala ya kujifunika. Turubai lako usilizibe pande zote, kwani pumzi hugeuka maji na kukulowesha.

Viatu vya mitumba pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, vinatosha, ila vikague. Bonyeza soli kwa kidole gumba, kisha kunja kiatu. Soli iliyokaa stoo miaka mingi humeguka kama biskuti hata kama ngozi ya juu inang'aa, na itakuachia njiani. Chukua kinachobaki na nafasi ya kidole kimoja mbele. Mteremko wa Matema unazidi mita 2,000: kata kucha za miguu kabla ya safari, kaza kamba sana kifundoni ili vidole visigonge mbele, na shika fimbo mbili. Magoti huumia hapa kuliko kwenye kupanda.

SWALI: Nibebe chakula gani, na kiasi gani? – Msomaji, Uyole

JIBU: Gramu 600 hadi 700 za chakula kikavu kwa siku: unga wa uji, karanga, tambi, dagaa waliokaangwa. Maharage yaache nyumbani. Kwenye mwinuko wa Kitulo maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo yatamaliza mafuta ya jiko kabla hayajaiva. Maji ya kunywa yachemshe dakika tatu kamili.

Mzigo wote, maji yakiwemo, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako. Ukungu ukishuka ukapoteza njia, keti usubiri ufunguke. Simu ilale ndani ya nguo, kwa sababu baridi humaliza chaji.